Mlango wa Choo na Hodi Kumi na Tisa

Ijumaa hii, tarehe thelathini mwezi wa sita, mzee wetu Bawaba anafunga boksi lake la vifaa na kustaafu. Ametumikia shirika letu miaka thelathini na mmoja, na katika miaka hiyo hakuna kiti, kitasa wala dirisha la ofisi hii ambalo hakuligusa, mengine bila kuombwa.

Alikuja akiwa kijana mwembamba, seremala wa mkataba wa wiki mbili tu, kurekebisha meza moja iliyokuwa inayumba. Meza ile inayumba mpaka leo. Yeye husema meza ikitulia, mkataba umeisha. Kiti cha wageni pale mapokezi alikipunguza mguu mmoja makusudi, maana wageni wa mhasibu walikuwa hawajui kuondoka. Sasa wanajua.

Wote tunaijua tabia yake ya kuweka misumari mdomoni. Ukimuuliza jambo anajibu "mmh", nawe unajiondokea na jibu ulilolitaka. Ndivyo ilivyokuwa kwenye kikao cha mradi wa kugawa cherehani, miaka sita iliyopita. Mzee alikuwa konani anapigilia rafu. Karani wa usajili akapendekeza kila kaya iandikwe kwa mlango wake: unapiga hodi mara tatu, unaandika namba mlangoni kwa chaki, mwenyewe anaingia kwenye orodha. Mkurugenzi akauliza kama kuna mwenye neno. Mzee akasema "mmh". Kumbukumbu za kikao zinasema: fundi ameafiki.

Sasa mradi wenyewe ulikuwa wa watu maskini kabisa, na sisi maskini kabisa, mimi nikiwemo kabla sijaajiriwa hapa, ndio hatukuwa na milango. Nyuma ya soko la mbao tulikuwa kaya kumi na tisa, za maturubai na magunia. Siku karani alipopita, nilikuwa nimekaa mbele ya gunia langu namnyonyesha binti yangu. Akapiga hodi. Nikasema karibu. Akatazama juu ya kichwa changu, anatafuta mlango. Akapiga hodi tena, nikasema karibu tena. Ya tatu mtoto akamwitikia kwa kilio. Akaandika: hakuna mwenyeji. Mimi nikacheka, maana kulia kulikuwa kumeshapata mwenyewe.

Mzee Bawaba alikuwa naye, amembebea boksi la chaki. Akatema misumari yote mkononi, akauliza huyu mama na mwanawe ni nini basi, kivuli? Karani akamjibu kwa heshima kwamba kanuni ni kanuni, tena yeye mwenyewe aliiafiki, imeandikwa. Orodha ilikuwa inafungwa Ijumaa saa sita mchana. Asiyeandikwa, cherehani ataisikia kwa jirani.

Ijumaa asubuhi tukamwona mzee anakuja na mlango kichwani, wa kijani, bawaba mbili zinaning'inia, karani nyuma yake anahema. Akausimamisha mbele ya gunia langu, akaushikilia kwa bega. "Haya mwanangu, piga hodi." Karani akasema, "Mzee wangu, huu si wa choo cha ofisi?" Mzee akamwomba asome kanuni imesema mlango wa nani. Karani akasoma, akageuza karatasi atazame nyuma. Nyuma hamna kitu. Akapiga hodi. Nikasema karibu kwa sauti ambayo hata jirani wa tatu aliitikia asante.

Mlango ukahama kaya hadi kaya, sisi tunausindikiza kama bibi harusi. Bibi mmoja aliomba aufungue na kuufunga mara mbili kwanza, auzoee. Wahenga walisema asiye na mwana aeleke jiwe. Sisi tulieleka mlango wa choo. Saa sita kasoro dakika nne, namba ya kumi na tisa ikaandikwa.

Huko ofisini mkurugenzi alikuwa chooni anaimba kwa nguvu, watu wajue kuna mtu. Tumbo lilikuwa bovu siku hiyo, kwa hiyo aliimba sana. Alipotoka aliandika barua ya kumfukuza mzee kazi, akaiweka isubiri mkaguzi wa mradi. Mkaguzi alipokuja akataka kuona kaya namba mia mbili na kumi na nne, yaani yangu. Akapelekwa chooni, mlango ulikuwa umesharudi mahali pake. Akazihesabu zile namba, moja chini ya nyingine. Kisha akaomba fomu, akafuta neno "mlango", akaandika "mtu". Barua ya kufukuzwa ilikunjwa mara nne ikawekwa chini ya mguu wa meza inayoyumba. Bado inayumba.

Leo mimi nafundisha ushonaji chumba cha pili. Namba zile mzee alizipaka vanishi zisifutike, na binti yangu amejifunzia hapo kuhesabu. Anaanzia mia mbili na kumi na nne, mwalimu wake haelewi.

Mzee anahamia nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Ina kila kitu isipokuwa mlango wa mbele. Seremala ni seremala. Kwa hiyo zawadi yetu ni ule wa kijani, na mkurugenzi ameshaanza mazoezi ya kuimba.

Asante, baba. Tunakutakia mapumziko mema, na kila utakapopiga hodi, mlango uwepo usiwepo, awepo mtu wa kukuambia karibu.