Mikono Iliyoshika Shingo Yangu

Bwana asifiwe sana, kanisa! Mimi ni Mama Kendi wa hapa Githongo. Nimeokoka, na leo nimesimama kumsifu Mungu kwa sababu ya shingo. Cheka tu, Pasta, lakini nisikilize.

Ndugu zangu, nilikuwa mwanamke wa kiburi. Msimu wa kahawa, wenzangu wakibeba nusu nusu, mimi nafunga gunia zima kwa kamba, naweka ukanda kwa paji la uso, huyoo mpaka kiwandani! Jirani yangu Mama Mwenda akiniambia, "Wacha nikusaidie," namjibu akasaidie mama yake.

Siku moja mvua ilikuwa imenyesha. Kwa ule mteremko wa kiwandani niliteleza, gunia likaanguka nyuma, na ukanda ukavuta kichwa pamoja nalo. Nikasikia shingo inalia ka! Nikalala kwa matope naona mawingu, lakini mikono na miguu siisikii kabisa. Nilijua nimekwisha.

Mume wangu akaja mbio. Huku kwetu mtu akiteguka, ananyooshwa. Alikuwa ameshashika kichwa avute, mara Mama Mwenda akapiga kelele: "Baba Kendi, toa mkono! Ukivuta utamuua!"

Mama Mwenda yule yule! Alilala kifudifudi kwa matope, akashika kichwa changu kwa viganja viwili, hakukiachilia. Watu wakang'oa mlango wa jikoni wa nyumba ya karibu, wakanilaza juu yake, wakaniingiza kwa pikapu. Mpaka Meru mjini bado ameshika tu, akiomba.

Hospitalini daktari akatuonyesha picha. Jamani, Mungu ni fundi! Shingo ina mifupa saba. Wa juu ni pete, ndio umebeba kichwa. Wa pili una kigingi kinachoingia kwa hiyo pete, ndipo unageuka ukamwona anayekuita. Katikati inapita kamba ya fahamu, nyembamba kama kidole kidogo, na amri zote za mwili zinapita hapo. Mbele kuna njia ya hewa, njia ya chakula, na mishipa ya damu inapanda kulisha ubongo. Yote hayo ndani ya kitu unachovalisha shanga! Nilisahau maumivu nikabaki kushangaa.

Kigingi changu kilikuwa kimepasuka. "Mngevuta," daktari akasema, "saa hii mngekuwa mnapanga mazishi."

Baada ya siku kadhaa kidole cha mguu kikacheza. Nililia kama mtoto! Nikavaa kola ngumu ya kushikilia shingo miezi mitatu, natazama mbele tu kama picha ya kitambulisho. Juzi wameitoa.

Wewe unayebeba peke yako na unaona aibu kushikwa, mwamini Bwana. Atakuja, na pengine atakuja na mikono ya mtu uliyemfukuza.

Daktari hakuniahidi kwamba shingo hii itageuka tena. Mama Mwenda amekaa pale kushoto, kwa benchi ya akina mama, na amekataa kuja mbele. Basi ngojeni. Polepole... polepole...

Mama Mwenda, nimekuona. Asante.