Flash ya Festo Haikuwa Tupu

Bwana asifiwe! Wa kule nyuma mlangoni sijawasikia. Bwana asifiwe! Kamwene, ndugu zangu wa Igowole. Mnanifahamu, mimi ni Mama Vumilia wa steshenari ya karibu na stendi. Nimewachapia barua za shule, kadi za harusi na wasifu wa marehemu wenu. Leo sikusimama kuimba. Nimesimama kusema jinsi nilivyomdhulumu mtu akiwa msibani, na jinsi Mungu alivyonitoa humo kwa kutumia kompyuta. Anayetaka kucheka acheke. Mimi mwenyewe nilicheka kidogo, halafu nikalia sana.

Kwa miaka mingi nilitumia Windows ya kuchakachua. Aliniwekea jamaa mmoja mpita njia, akaniachia na kiprogramu cha kuiamsha kila inapogoma. Sharti la kile kiprogramu lilikuwa kwamba kwanza uzime antivirus. Nikazima! Akili gani hiyo, ndugu zangu? Ni kumfunga mbwa ili mwizi apite vizuri. Na steshenari mnazijua, flash za mji mzima zinapita kwenye mashine moja: ya mwalimu, ya kwaya, ya mwenye baa. Mashine ikajaa virusi. Ukichomeka flash, mafaili yanapotea, vinabaki vialama vyenye mshale mdogo, ukivibofya hupati kitu. Nilijua. Mteja akilalamika namwambia, "Flash yako mbovu hiyo, nunua nyingine." Na flash nilikuwa nauza mimi.

Mwaka jana kwenye mvua, Festo, mtoto pekee wa Mama Festo, aliangukiwa na gogo wakipakia lori msituni. Simu yake ilikuwa mfukoni, ikasagika pamoja naye. Nisamehe mama, nasema kwa kuwa umeniruhusu. Picha zake alikuwa amezihamishia kwenye flash, maana simu ilijaa. Nyumbani ilibaki picha moja ya darasa la saba, na unyevu ulishaula uso wote. Asubuhi ya mazishi mama yake akaniletea ile flash, kitenge kiunoni, sauti imemkauka. Akasema, "Mama Vumilia, nitolee moja kubwa, ile anayocheka. Itangulie jeneza."

Nikachomeka. Vikatokea vile vishale. Nikabofya hiki na kile, hakuna kitu. Kisha nikaangalia nafasi iliyotumika, na mashine ikaonyesha flash imekaribia kujaa. Flash tupu ingejaaje? Nililiona hilo kwa macho yangu haya! Lakini nje kulikuwa na wateja, nikawaza, Igowole ikisikia kwamba mashine yangu inakula flash, nani atarudi? Nikaichomoa, nikamrudishia mama wa watu, nikamwambia, "Imekuja tupu, mama. Labda kuna mtu nyumbani kaifuta."

Ndugu zangu, kwa sentensi hiyo nilivunja nyumba. Juma lililotangulia Baba Festo alikuwa ameichomeka ile flash kwenye redio asikilize nyimbo, na kila mtu pale nyumbani alijua. Mama Festo akarudi, akamwuliza mumewe mbele ya waombolezaji, "Umemfuta mwanangu?" Yule baba hajui kompyuta, angeapa kwa lipi? Tukamzika Festo bila picha. Binamu yake alitembea mbele ya jeneza na msalaba peke yake, na mimi nilikuwa kwenye kwaya, sauti ya pili, naimba. Arobaini ilipofika wale wazazi walikuwa hawasalimiani. Baba Festo akafunga begi, akaenda Ubaruku kufanya vibarua vya mpunga. Mimi nikanyamaza. Kila Jumapili nilimpa Mama Festo mkono wa amani, na mkono wangu haukutetemeka. Nilikuwa mtu wa namna hiyo.

Mungu akaanza na mashine. Siku moja ikagoma kabisa kuwaka. Nikaifunga kwenye blanketi, nikapanda nayo basi mpaka Mbeya, kwa fundi mmoja wa Mwanjelwa, dada wa Kinyakyusa anaitwa Sekela. Akaifungua, akaipuliza vumbi, akacheka.

"Mama, hii haijafa. Imeoza ndani tu. Nikuwekee Linux?"

"Linux ndiyo nini?"

"Mfumo mwingine. Kuna ya watu wanaoanza, hata bibi yangu anaiweza. Ya bure, na haidai uiamshe kila siku."

Nikasema moyoni, cha bure kina mtego. Lakini Sekela akaiwasha kwanza kutoka kwenye flash yake, kabla hajagusa mashine, ili nionje. Nikaiona menyu pale chini kushoto nilipoizoea. Maandishi ni makubwa, na hakuna matangazo yanayoruka usoni. Akaniomba flash yoyote ya kujaribia. Nikampa ya kwangu yenye vishale, iliyokuwa na nyimbo za kwaya ambazo nilishaziandika upya nikiamini zimepotea. Akachomeka. Zikatokea zote! Kila wimbo, kila ubeti!

"Hazikufutika hizi," Sekela akasema. "Kirusi kilizificha. Linux haifuati maagizo yake, inakuonyesha kila kilichomo."

Nikaikumbuka flash ya Festo, nikakaa juu ya ndoo. Sekela alidhani ni furaha, akaniletea soda. Soda ile sikuimaliza.

Najua wengine mtanifuata hapo nje kuuliza habari za mfumo wenyewe, basi niwaambie. Haukushuka kutoka mbinguni. Printa yangu iliikubali bila kuhangaika, lakini skana ilinitesa majuma mawili mpaka Sekela akanielekeza kwa simu. Barua niliyoiandika huku, mwalimu mkuu akiifungua kwake mistari inahama, kwa hiyo sasa namhifadhia kwa PDF. Programu ya matokeo ya shule moja imekataa mpaka leo, nimewaambia waende kwingine. Ila kwa mtu wa kuandika na kuchapa kama mimi, siku tatu nilikuwa nimezoea. Mashine yangu kuukuu imekuwa nyepesi. Na hainiombi nizime ulinzi ili ifanye kazi. Hilo tu lingetosha.

Na bado sikwenda kwa Mama Festo. Majuma matatu, ndugu zangu! Mashine safi, moyo uleule. Nikajidanganya kwamba ile flash atakuwa ameshaitupa. Mpaka siku ile ya maombi ya akina mama, aliposimama akaomba tumwombee kwa sababu sura ya mwanawe imeanza kumtoka. Alisema hakumbuki tena lile jino lililopandiana lilikuwa upande gani. Wenzangu wakaitikia amina. Mimi nilishindwa.

Kesho yake nikaenda kwake, nikapiga magoti kwenye sakafu, nikasema yote. Hakunipigia kelele, heri angepiga. Aliingia chumbani, akatoka na flash imefungwa kwenye leso. Tukatembea mpaka steshenari. Nikafunga mlango, nikachomeka. Likafunguka folda lote. Festo juu ya lori, Festo na mbuzi wa bibi yake, Festo anacheka. Jino ni la kushoto. Mama yake akaweka kidole kwenye kioo, akakiacha pale. Halafu akasema bila kunitazama, "Mpigie baba yake. Wewe, siyo mimi."

Nikapiga. Baba Festo alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mama Vumilia, mimi nilishakubali kwamba nimemfuta. Redio hata ya jirani ikilia, naondoka." Akakata.

Alikuja siku moja tu. Alisimama kaburini ameshika ile picha kubwa, niliyoichapa hatimaye, kisha akarudi Ubaruku, na mpaka leo yuko huko. Mama Festo amenisamehe. Baba Festo bado, na simdai msamaha. Ninamwombea. Picha imerudi, lakini ule mwaka walionuniana juu ya kaburi la mtoto wao siwezi kuurudisha.

Namshukuru Mungu aliyenikataza kuishi na lile neno. Na wewe unayekaa na neno la namna hiyo kifuani, usingoje mashine ife kwanza. Mwamini Mungu leo, useme leo, hata kama itakugharimu wateja wote. Na yeyote niliyewahi kumwambia flash yake mbovu, asiitupe! Ailete kesho. Kama haikuguswa tena, naamini kilichomo bado kimo, na nitamwambia mwenyewe nilichofanya.

Mama Festo, simama, mama. Iinue juu hiyo picha, na wa mlangoni waione. Mtazameni anavyocheka, ndugu zangu. Huyu ndiye tuliyemzika siku ile.