Amour Pandu, Mwongo wa Serikali

Tarehe 30 Septemba mwaka huu, baada ya miaka thelathini na mbili ya utumishi wa umma, Bwana Amour Pandu Mjaka atastaafu rasmi. Kitengo chetu cha kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu kitabaki na viti vyake, makabati yake na paa lake lile lile linalovuja, lakini kitakuwa kimempoteza mwongo wake bora kabisa. Msikasirike, ndugu wasomaji. Jina hilo kapewa kwa haki, mwenyewe analijua, na mkiniruhusu niwasimulie lilikotoka mtaelewa kwa nini naandika huku nacheka na machozi yananilengalenga.

Bwana Amour aliajiriwa akiwa kijana mwembamba (naam, picha ipo, tumeibandika ukutani, mkaione), karani wa ustawi wa jamii. Akapanda hadi ofisa, akahangaika na watoto wasio na walezi na wazee wasio na wa kuwaangalia. Kitengo chetu kilipoundwa alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuhamishiwa. Alifika na vespa yake, akaiegesha kwenye uchochoro wetu hapa Mji Mkongwe, akapanda zile ngazi za mbao zinazolia, akauliza swali moja tu: hapa chai hunywewa saa ngapi? Tukajua tumepata mtu.

Kazi yetu, kwa wasioijua, ni kuwazuia wale wanaowachukua watu kwa ahadi tamu za ajira za nje. Mtu akishafika huko ananyang'anywa pasipoti, anafungiwa ndani na kutumikishwa, na wa kumlilia hana. Upande mmoja wa kazi hii ni polisi na mahakama. Upande wa pili ni kuwafumbua watu macho kabla hawajaondoka, na huko ndiko Bwana Amour alikong'ara.

Mkuu wetu, Bi Salhiya, aligundua kwamba vipeperushi tulivyogawa kwa bidii vinafungiwa njugu. Akaamuru ufanywe mchezo wa kuigiza. Kuandika nikaandika mimi, waigizaji ndio hawakuwapo. Basi Bi Salhiya akatutazama mmoja mmoja pale mezani, akagawa nafasi kama anayegawa visheti vya Idi. Mimi nikawa msichana anayedanganywa, na nimebaki kuwa msichana huyo hata baada ya kuzaa watoto watatu na goti kuanza kuniuma. Bwana Amour akawa Bwana Riziki, wakala wa kazi za nje.

Lahaula! Nani angejua? Mtu tuliyemzoea na shati lake la mikono mifupi alitokea na kanzu iliyopigwa pasi ikakakamaa, miwani ya jua, simu mbili mkononi na udi unaotangulia hatua kadhaa mbele yake. Akafungua mdomo. Alizungumza kwa upole, akauliza hali ya mama, akasikitika kweli kweli kuhusu bei ya unga, halafu ndipo, kama mtu aliyekumbuka jambo dogo, akataja kazi. Mimi niliyeyaandika maneno yale nilikuwa karibu nikafunge sanduku.

Balaa likaanzia hapo. Tulipocheza Mwanakwerekwe, muuza samaki mmoja aligoma kumuuzia hata changu mmoja, akamwambia mbele ya watu aende akale huko anakowapeleka watoto wa wenzake. Bibi mmoja alimtupia ndimu, na kwa umri wake alikuwa na shabaha ya ajabu. Lakini lililotuvunja mbavu ni la simu. Raia mwema alipiga simu yetu ya bure ya kutoa taarifa, akaripoti kwa sauti ya chini kwamba amemwona wakala wa magendo ya watu anapita Darajani na vespa, anajifanya mtu wa kawaida, jamani mfanye haraka. Nikaandika sifa zote alizonitajia. Mtuhumiwa alikuwa ameketi mkabala nami, anachovya mkate wa mofa kwenye chai. Tulimshukuru yule raia kwa dhati, na Bwana Amour akadai taarifa ile iingizwe katika tathmini yake ya utendaji. Bi Salhiya aliiingiza.

Sasa nifike Kiwengwa, maana bila ya Kiwengwa huyu ni mchekeshaji tu.

Ilikuwa alasiri, uwanja umejaa. Msichana mmoja, Khairat, alikuwa ametoka kwenye mwani na mama yake, miguu bado ina chumvi. Alifika mchezo uko katikati, akamkuta Bwana Riziki ameshika kipaza sauti anaeleza habari za kazi. Hakujua kama ni mchezo. Alifikiri ni tangazo! Akasikiliza mpaka aliporidhika, akajitoa kwenye umati kabla ya sehemu ya mwisho, ile ambamo mimi hurudi nyumbani nimekonda na mkono umefungwa bandeji. Akaenda kusubiri kwenye gari letu.

Bwana Amour alipokuja kuchukua maji ya kunywa, Khairat alimwamkia kwa adabu, akamwambia anataka kwenda naye. Alikuwa ameshamaliza skuli, mwani wao unaoza kwa joto la maji, na mama yake hana mtu mwingine. Kisha akaongeza kwamba ameshapata safari nyingine, ya Jumamosi, na mama mmoja anaitwa Bi Tamima aliyekwishachukua pasipoti yake na za wenzake watatu. Ila Bi Tamima ni mkali, na huyu Bwana Riziki anaonekana mtu wa huruma. Akaomba shauri: je, abadilishe?

Fikirini, ndugu zangu. Tulikwenda kuigiza wakala, tukaletewa wakala wa kweli mlangoni. Bi Tamima hakuna aliyejua anakaa wapi. Yeye ndiye huwapigia simu wasichana, kila mara kwa namba nyingine. Bwana Amour angesema pale pale kwamba yeye ni mtu wa serikali, msichana angeogopa, Bi Tamima angesikia, na wale wanne wangeondoshwa kabla ya Jumamosi. Akafanya alichokuja kukifanya. Alibaki na miwani yake usoni, akamwambia Khairat ana nafasi nzuri zaidi, kazi ya kushona, na nafasi hizo ni nyingi hata kwa wenzake. Bi Tamima akipiga simu, amwambie Bwana Riziki anataka kuonana naye wafanye biashara. Khairat akafurahi, akambusu mkono. Mimi nilikuwa nyuma ya gari na bandeji yangu, na nilimwona Bwana Amour akiutazama mkono ule baada ya msichana kuondoka.

Siku mbili baadaye walikutana mkahawani hapa mjini. Askari kanzu wawili waliketi meza ya jirani na kuagiza urojo, mmoja wao akaagiza tena, na mpaka leo hajakubali kwamba lile bakuli la pili halikuwa la lazima kiupelelezi. Bi Tamima alikuja na mtandio wa hariri, ana adabu zake zote. Bwana Amour akamtania, akamsifu, akalalamika naye kwamba wasichana wa siku hizi wana maswali mengi. Mama wa watu akajisikia yuko na mwenzake. Akajigamba namna anavyowafungia wasithubutu kutoroka, akazitoa pasipoti nne mkobani na kuziweka juu ya meza, kumwonesha kwamba mali ipo. Askari wakainuka.

Khairat alikuwapo. Bi Tamima alikuja naye. Alikuwa na begi lake, ameshamuaga mama yake, ameketi kwenye kibaraza nje akisubiri kuitwa. Aliona pingu, akaona Bwana Riziki anavua miwani na kuonesha kitambulisho cha kazi. Alisimama mbele yake, begi lake mkononi.

"Nyote wawili waongo," alimwambia. "Yeye mwongo wake mwenyewe, wewe mwongo wa serikali."

Bi Tamima alihukumiwa. Kupitia simu yake alipatikana msichana mwingine aliyekuwa ameshapelekwa nje, akarudishwa nyumbani salama, na mama yake alituletea halua ofisini, sinia zima. Tulikula sote, vidole vikanata. Bwana Amour hakugusa. Alisema Khairat ameokoka mwili, lakini hamwamini tena mtu yeyote, na aliyemfikisha hapo ni yeye.

Na kweli. Wizara ilimpa nafasi ya mafunzo ya ushonaji, akakataa, akauliza nani ajuaye hilo gari linakwenda wapi. Hoteli moja huko huko kwao ilimwita kazini, mkataba upo, muhuri upo, akaurudisha. Msichana aliyetaka kwenda mbali kuliko wote akawa hatoki nje ya ua. Hilo ndilo lililomkosesha Bwana Amour raha, si ndimu ya Mwanakwerekwe.

Jambo la kwanza alilolifanya liliniudhi mimi, mwandishi wa mchezo. Tangu siku ile, kabla hajatamka neno, Bwana Riziki husimama mbele ya watu na kusema: mimi naitwa Amour, mfanyakazi wa serikali, nitakayoyasema sasa yote ni uongo. Nililalamika kwamba anauharibu mchezo. Akanijibu kwa upole kwamba mchezo na uharibike. Tukagombana wiki nzima, na leo mchezo wetu unafundishwa kwa wenzetu wa Pemba ukiwa na maneno yale yale mwanzoni.

Jambo la pili lilikuwa kwenda Kiwengwa. Alikwenda na vespa yake, mvua na jua, na hakuahidi kitu. Alichokisema alikuwa nacho mkononi. Alimchukua mwalimu wa ushonaji mwenyewe, na cherehani yake, akamketisha uani kwa mama Khairat ili aulizwe maswali. Akampeleka mama akakae darasani kwanza, ajionee, arudi kusimulia. Mama ndiye aliyekuwa mwanafunzi wa mwanzo, na tunasikia anashona magauni mazuri sana. Binti akafuata baada ya miezi. Leo Khairat anashona sare za wafanyakazi wa hoteli ile ile aliyoikataa.

Ila Bwana Amour, Khairat alikuwa hamwamkii. Hapa kwetu Unguja, kijana kumpita mzee bila ya shikamoo! Mama yake alikuwa akijifunika uso kwa aibu. Bwana Amour alisema kila mara ni haki ya binti, akakaa, akanywa maji, akarudi mjini. Miaka minne.

Mwanzoni mwa mwezi huu, asubuhi, ngazi zetu zililia. Alisimama mlangoni mwanamke kijana, baibui lake zuri, akatuuliza sote tuliokuwapo: yupo wapi mwongo wa serikali? Wallahi nilidhani amekuja kushitaki. Bi Salhiya alitoka chumbani kwake na kalamu mkononi. Bwana Amour akainuka polepole kama mtu anayeitwa na hakimu.

Khairat alieleza kwamba ameposwa. Kijana anaitwa Ammar, fundi wa majokofu, anasema amepanga nyumba Mwanakwerekwe. Yeye mwenyewe Khairat amekwishaenda kuiona hiyo nyumba, akagonga kwa jirani, akauliza kwa mwenye duka, akaomba kuona mkataba wa pango. Sote tukatazamana kwa fahari; hatujawahi kuwa na ofisa mpelelezi wa namna ile! Kila kitu kimeonekana ni kweli. Ami yake atakuwa walii wa kumwozesha. Kilichobaki ni mashahidi wa nikaha, mmoja amepatikana, na kumtafuta wa pili ndiko kulikomleta mjini.

Bi Salhiya, ambaye hajui kunyamaza, akasema kwamba shahidi wa ndoa ni sharti awe mtu mwadilifu, mtu anayeaminika kwa neno lake. Khairat akajibu kwamba sharti analijua, ndiyo maana amekuja hapa. Kisha akamgeukia Bwana Amour.

"Shikamoo," alimwambia.

Mtu huyu, ndugu wasomaji, ambaye ulimi wake ulimfanya Bi Tamima afungue mkoba, aliketi kwenye kiti, akainamisha kichwa, na marahaba haikutoka. Tuliitikia sisi, ofisi nzima, kwa pamoja, kwa sauti iliyofika uchochoroni. Halafu tukapiga vigelegele, na jirani akatuma mtu kuuliza nani kajifungua.

Nikaha ni Ijumaa inayofuata baada ya kustaafu kwake, Kiwengwa, baada ya sala ya alasiri. Sote tumealikwa, gari la ofisi limeshaombwa.

Bwana Amour, kwa vicheko, kwa chai, kwa wasichana walio makwao leo usiku wakigombana na mama zao juu ya vyombo, ahsante sana. Mkeo Bi Asila tunamrudishia mumewe, amechakaa kidogo, tunaomba radhi. Mola akupe afya, akupe usingizi mzuri na wajukuu watundu. Ijumaa hiyo kadhi atakapouliza nani anashuhudia, jibu kwa sauti, Khairat akusikie huko ndani.

Abeer Anuar
Ofisa Uhamasishaji, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa Kitengo