Kijiko cha Mafuta cha Mama Dakika

Baada ya miaka thelathini na moja ya kumpikia kila mgonjwa yai lile lile, mpishi wa chumba cha vipimo vya tumbo anastaafu Ijumaa hii, saa sita kamili mchana. Saa sita na dakika moja angekuwa amechelewa, naye hajawahi kuchelewa.

Wagonjwa humwita Mama Dakika, kwa sababu ukishapewa sahani una dakika kumi za kumaliza, naye husimama mbele yako na saa mkononi, akikutazama unavyotafuna. Hamu ya kula hapo huja yenyewe. Ndani ya yai mna dawa inayoonekana kwenye kamera. Kwa saa nne unapigwa picha, ijulikane tumbo linateremsha chakula kwa kasi gani. Ute mweupe, mkate, jemu, maji. Mafuta hapana.

Mkuu wa idara ndiye angeandika wasifu huu, lakini ana kazi nyingi za kuwa mkuu. Mama Dakika, ambaye ni bibi yangu, akasema, "Mpeni mjukuu wangu, ana lugha mbili." Ninazo kweli, na ninanyamaza vizuri katika zote mbili.

Mwaka jana kikaango kilichakaa, mayai yakawa yananata. Bibi aliomba kipya mara tatu; akajibiwa kwa heshima kubwa kwamba ombi limepokelewa. Akawaonea wagonjwa huruma, akaongeza kijiko cha mafuta. Yai likawa tamu, na ghafla kila tumbo lililoingia pale likawa zembe. Daktari wa vipimo alifurahi, akidhani amegundua ugonjwa mpya, akaanza kuandaa hotuba. Watu ishirini na wawili wakaandikiwa uji mwepesi kwa ugonjwa wasiokuwa nao.

Mimi nilikiona kile kijiko, siku niliyompelekea bibi miwani yake. Juma lililofuata, darasani, tukasoma: mafuta yakifika kwenye utumbo mwembamba, ukuta wake humwaga homoni kwenye damu, na homoni hiyo huliambia tumbo, taratibu, huku chini bado tuna kazi. Tumbo hutii. Homoni haiulizi kama mafuta yametiwa kwa huruma.

Nikakaa kimya siku kumi na moja, maana daktari alinitisha kuliko uji wa watu wengine. Ya kumi na mbili nikapenyeza karatasi chini ya mlango wake: ANGALIENI MAFUTA KWENYE YAI. Bila jina, kwa ushujaa wangu.

Vipimo vikarudiwa, matumbo yakapona siku hiyo hiyo. Bibi akapewa barua ya onyo, ya kwanza maishani mwake. Kikaango kipya kililetwa kesho yake. Tangu hapo, kila jioni nikiosha vyombo, huniambia, "Nikimpata yule mbea, mjukuu wangu, nitamkaanga yeye." Nami huitikia, "Ndiyo, bibi."

Bibi, uliniagiza niandike yote, nisikurembe. Haya basi: yule mbea ni mimi. Nayaandika kwa kuwa kuyasema nimeshindwa.

Asante kwa miaka yote hiyo, na kwa kile kijiko. Sote tunakutakia mapumziko marefu yasiyopimwa na saa ya mtu. Na ukiamua kunikaanga, tafadhali usibane mafuta, ili mambo yaende taratibu.