Harusi ya Karakana: Historia ya Marehemu Modesta Komba

Siku ya Jumatano, tarehe 12 Novemba 2025, saa nne asubuhi, nyumbani Likombe, walikuwepo kando ya kitanda Mjomba Erasto Komba, ambaye ni mdogo wake marehemu, jirani yetu Mzee Hemedi na mkewe Bi Hadija, Sharifa, mmoja wa watoto aliowafundisha, aliyekuwa anampepea, na mimi Upendo, mtoto wa mdogo wake aliyetangulia, nikiwa nimemshika mkono, na mbele yetu sisi watano Mama mkubwa Modesta aliiaga dunia. Familia imeniomba niwasomee historia yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1979, Peramiho, mkoani Ruvuma, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Alois Komba na Mama Kostansia, ambao wote ni marehemu. Alisoma shule ya msingi hukohuko kuanzia mwaka 1987 hadi 1993, kisha sekondari mjini Songea hadi mwaka 1997. Somo alilolipenda ni fizikia, lakini kwa miaka yote minne maabara ilikuwa chumba kitupu, mwalimu akachora betri na balbu ubaoni, nao wakazichora kwenye madaftari, ndiyo maana alikuwa akituambia kwamba alifaulu somo la umeme bila kuwahi kuwasha taa hata moja.

Mwaka 2003 alikuja Mtwara, akaajiriwa na wakala wa forodha kama karani pale bandarini, kazi aliyoifanya mpaka ugonjwa ulipomzuia, akikaa kwanza Magomeni ya hapahapa Mtwara na baadaye akajenga Likombe. Madereva wa malori ya korosho waliopo hapa watakumbuka chai aliyokuwa akiwapelekea kwenye foleni, akisema karatasi zinachelewa lakini njaa haichelewi.

Marehemu hakufunga ndoa wala hakujaliwa kuzaa, ila mwaka 2006 mama yangu alipofariki alinichukua nikiwa na miaka sita, na nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza nyumbani kwake alikuwa akimlaza kifuani pake ili mimi nipate usingizi. Watoto wengine aliwapata mwaka 2019, alipowakuta watoto wa jirani barazani wakifumua redio yake mbovu, hakuwafukuza, akaenda ndani akaleta bisibisi. Tangu hapo kila Jumamosi baraza lilijaa, akiwanunulia nyaya na betri kwa mshahara wake, wakatengeneza kifaa cha kupima chumvi kwenye maji ya kisima, ambacho taa yake huwaka maji yakiwa na chumvi. Walikipeleka hadi kijiji kimoja karibu na mlango wa Mto Ruvuma, kina mama wakawacheka kwamba ulimi wao nao unapima na hauishiwi betri, kisha wakawapikia mihogo.

Watoto walizidi baraza, akaandika barua za kuomba msaada wa kujenga karakana, zikajibiwa kwa pongezi tu. Ndipo mwezi Juni 2024 akagawa kadi za mchango kama za harusi, zina jina lake peke yake, na watu walipomuuliza bwana harusi ni nani alijibu, "Nimechangia harusi zenu zote, na nyingine zimeshavunjika, sasa nichangieni na mimi ya kwangu, hii haivunjiki." Mzee Hemedi alichaguliwa mwenyekiti wa kamati, na kwa kuwa yeye ni Myao na sisi Wangoni ni watani wake, alitangaza kikaoni kwamba Wangoni wamekosa mkwe mpaka wanaozesha binti yao kwa tofali. Sherehe ilifanyika Jumamosi, tarehe 14 Septemba 2024, keki wakaikata watoto, na kufikia Februari mwaka huu kuta zilikuwa zimesimama, fedha za mabati zikiwa zinatunzwa na kamati.

Mwezi Machi aligundulika kuwa na saratani ya shingo ya kizazi, ikiwa imeshasambaa. Kamati ilikaa ikaamua fedha za mabati zimpeleke Dar es Salaam kwa matibabu, akakataa, akisema hizo ni za watoto, Mzee Hemedi akamwambia, "Mngoni, usitutie aibu, tuezeke nyumba ya nani?" Sharifa na wenzake nao wakaja kumwambia wamekubali, akageukia ukutani akalia, kisha akakubali kuondoka. Fedha ziliisha Julai, na ugonjwa haukurudi nyuma. Alirejea Agosti, akawa anauliza kama karakana imefunikwa, nasi tunamwambia ukweli, na siku za mwisho hakuuliza tena.

Tunawashukuru madaktari, na muuguzi aliyetoka kwenda kumnunulia mrija ili aweze kunywa akiwa amelala, dereva Godfrey aliyemrudisha akilikwepa kila shimo, wafanyakazi wenzake wa bandarini, na Bi Hadija aliyekuwa akifua kanga zake na kuzirudisha zimepigwa pasi.

Kwa mliokuja moja kwa moja hapa kanisani, asubuhi hii jeneza lilipokuwa linatoka nyumbani, Mzee Hemedi alilala kizingitini kama mtani, akasema Mngoni hatoki mpaka alipiwe. Watu wakacheka wakamtupia sarafu, akazirudisha, akasema, "Sitaki hela ya soda. Jeneza hili mmelichangia kwa siku mbili tu, nami nataka mabati," na alikuwa anasema huku analia, na waliobeba wakasimama na jeneza mabegani. Watu waliingiza mikono mifukoni, Mjomba Erasto akapokea, ndipo mtani akanyanyuka akatupisha.

Mama mkubwa, umechoka, sasa pumzika kwa amani.

Fedha zilizopatikana mlangoni zinatosha mabati ya upande mmoja.