Bibi Sahani na Sinia la Dereva

Kosa la wengi wetu ni kudhani kwamba mtaalamu wa lishe hutafutwa ugonjwa ukishaingia, kama fundi wa paa anayeitwa mvua ikiwa imeshalowesha godoro. Kwa miaka thelathini na mmoja Bibi Sahani amepambana na kosa hilo katika hospitali yetu. Tarehe 30 Juni anastaafu, akiwa mkuu wa Kitengo cha Lishe.

Alianzia jikoni, akipanga milo ya waliolazwa. Baadaye aliomba chumba kando ya kliniki ya wagonjwa wa nje, chenye meza, mizani na sinki, ili awaone watu ambao presha au sukari imeanza tu kupanda. Mtu wa namna hiyo hasikii maumivu popote, ndiyo maana hasikii la mtu. Kumbe mishipa yake inaumia kimyakimya, na wakati huohuo ndipo chakula na mazoezi vinapoweza kuzuia mengi.

Jina lake la utani lilitokana na utaratibu wake. Kila mgonjwa alitakiwa kuja na sahani anayotumia nyumbani, kisha apakue mbele yake kama anavyopakua kwake. Hakupenda kukataza, alipenda kuona kwanza.

Dereva wetu wa gari la wagonjwa alifika kwake akiwa na hofu ya kweli. Sukari yake ilikuwa imeanza kupanda, na kaka yake alishakatwa mguu kwa kisukari. Hata hivyo alileta kisahani cha chai, akapakua kidogo kama mkwe ukweni. Bibi Sahani alimsifu sana, kisha akamwomba arudi na mkewe. Wiki iliyofuata shemeji yetu aliingia na sinia analolia mumewe kwapani, akaonyeshwa kile kisahani, akauliza kwa upole kama mumewe alikuja kutibiwa au kupeleka posa. Walicheka hadi dirisha la dawa. Dereva alicheka wa mwisho.

Sinia halikutupwa. Bibi Sahani alilitia alama nje ya ukingo kwa rangi ya kucha ya shemeji: nusu mboga, robo wali au ugali, robo samaki au maharage. Shemeji akateuliwa kuwa refa, na hakuna rufaa iliyowahi kufua dafu kwake.

Mwezi uliopita majibu yalitoka: sukari imerudi katika kiwango cha kawaida. Dereva alishuka ngazi za maabara kama aliyetuliwa gunia, kwa miguu yake yote miwili, akaenda moja kwa moja kumwambia Bibi Sahani. Nasi tuliohofia kwamba Bibi Sahani akistaafu chumba kile kitafungwa tumeshusha pumzi, kwani msaidizi wake amethibitishwa kazini na hakifungwi.

Bibi Sahani, asante kwa subira na utani wako. Pumzika kwa raha na afya. Dereva ameomba akurudishe nyumbani yeye mwenyewe.

Nawe unayebaki: leo, kabla ya kupakua kingine chochote, chukua sahani yako ya kila siku, siyo ya wageni, na uijaze nusu kwa mboga.