Lenzi Pana Tuliyoirudisha Mfukoni

Risala ya Kikundi cha Mama wa Picha, Kalerwe, Kampala, kwa Kapteni mstaafu Joska. Msomaji: mwenyekiti wa kikundi, Bibi Mwanawetu.

Mgeni rasmi, Kapteni mstaafu Joska, mwalimu wa kuruka kwa mwavuli, viongozi wa mtaa, mashehe na wachungaji mlioketi kiti kwa kiti, wazazi, na ninyi majirani wa sokoni mnaochungulia juu ya uzio, ingieni tu, chai ipo.

Sisi wanachama wa Kikundi cha Mama wa Picha tunakusalimu kwa heshima, na tunakushukuru kwa kuja. Tungekuwa sisi ndio wewe, tusingekuja.

Wenzangu wamenichagua mimi nisome kwa sababu ndimi mkubwa wao, na kwa sababu nyingine mtakayoisikia mbele. Shule yangu iliishia darasa la sita, kwa hiyo nikikwama mnivumilie. Nilisema kwenye kikao kwamba risala bila kitendawili ni chai bila tangawizi. Kaltumi, mweka hazina wetu, akanijibu, "Dada, leo si siku ya vitendawili." Nikamwambia ndiyo siku yenyewe.

HISTORIA YA KIKUNDI

Mgeni rasmi, kikundi hiki kilizaliwa na harusi. Zamani vijana wenye kamera walikuwa wakiingia mpaka upande wa wanawake, na bibi harusi wa Kiislamu akalazimika kujifunika siku yake mwenyewe. Tukasema, basi kamera tushike sisi. Tukaanza na kina mama wa familia zetu zilizokuja huku na biashara kutoka pwani tangu enzi za mababu, kisha wakaungana nasi dada zetu kutoka Kongo, ambao wao husherehekea mpaka jirani asiyealikwa naye acheze.

Kanuni yetu ya kwanza ilikuwa: uso kwanza. Kwenye kwanjula, sherehe ya binti kumtambulisha mchumba kwao, ssenga wake, yaani shangazi, asipoonekana uso mzima mpaka hereni, familia inairudisha picha. Mtu kuonekana mdogo kwenye picha ya sherehe, kwetu ni sawa na kupewa kiti cha nyuma karibu na masufuria. Kwa hiyo tukanunua lenzi ndefu, ile inayovuta uso wa mtu kutoka mwisho wa hema na kumleta hapa mbele, unahesabu kope zake. Tukaipenda kama mtoto wa uzeeni. Tukaandika na kibao cha njano pale mlangoni: PICHA ZETU HAZIDANGANYI.

Mkitazama mlangoni leo mtaona kibao kimepakwa chokaa. Tumekipaka wenyewe.

MAFANIKIO

Tumepiga picha za harusi kuanzia Kalerwe mpaka Nakawa. Hakuna bibi harusi aliyewahi kulia kwa sababu yetu. Huguette, mdogo wetu kutoka Butembo, alijifunza kwako kuruka kutoka kwenye ndege, akawa mwanamke wa kwanza tunayemjua anayeweza kuvaa kamera juu ya helmeti na kupiga picha watu wakianguka angani.

Kisha ukatupa heshima kubwa. Ulisema wanawake wanne watashikana mikono huko juu wafanye duara: wewe na wanafunzi wako watatu, akiwemo mjukuu wangu Farhana. Huguette awapige picha. Filamu ionyeshwe ukumbini kwa wazazi wenye wasiwasi, waone binti zao wanafanya nini mawinguni, kwamba wamevaa kwa stara, kwamba wameshikwa, kwamba wanafurahi.

Mafanikio yanaishia hapo.

CHANGAMOTO

Mgeni rasmi, kwa kawaida mahali hapa watu huandika mvua, umeme na barabara. Changamoto yetu ni sisi.

Ulituletea lenzi pana kwa mkono wako. Ulituambia, "Hii inachukua eneo kubwa. Ijaribuni kwanza, kisha mwamue." Ukatuamini, ukaenda zako. Tukaijaribu hapa kibarazani kama tunavyojaribu kila kitu: tukamsogezea Kaltumi usoni. Kwenye kioo cha kamera pua ya Kaltumi ilikuja kama fenesi, na masikio yakakimbilia nyuma kama yanadaiwa. Tulicheka mpaka chai ikamwagika. Kaltumi hakucheka. Alisema, "Mnataka Kapteni mzima aonekane hivi? Mwanamke aliyetumikia nchi?"

Tukaona ana haki. Tukasema lenzi hii inamtukana mtu: ukiwa karibu inakuvimbisha, ukiwa mbali inakufanya sisimizi. Tukairudisha kwenye mfuko wake, tukafunga kamba.

Huguette alitukataza. Alisema, "Mama, kule juu hakuna mahali pa kurudi nyuma. Kwa harusi unarudi hatua mbili, unapata watu wote. Kule tuko karibu, mkono kwa mkono. Hii ndefu itakamata kipande tu, njo vile iko. Tena ni mzito, mwavuli ukifunguka itanivuta shingo."

Tulimjibu nini? Tulimjibu, "Mtoto, sisi tumepiga picha za watu kabla hujajua kufunga kanga." Akanyamaza, kwa sababu amelelewa vizuri. Malezi yake tukayageuza kuwa ushindi wetu. Akapanda na ile ndefu, na shingo ikamuuma hata kugeuka kusalimia hakuweza. Huguette, uko hapo. Sisi wazee wako tunaona haya mbele yako.

Siku ya kuonyesha, ukumbi ulijaa. Walikuja wazazi, na walikuja wateja wetu wa harusi pia. Taa zikazimwa. Tukaona kidevu. Tukaona mkanda. Tukaona bluu, bluu, bluu, kisha sikio moja, kisha kiwiko, kisha bluu tena. Duara hatukuliona. Mkono ulioshika mkono mwingine hatukuuona. Watu wakaanza kucheka, na mmoja nyuma akasema, "Nyabo, mama, kamera yenu imelewa?"

Halafu uso wa Farhana ukajaa ukuta mzima. Uso peke yake. Mashavu yamepigwa na upepo yanatetemeka, mdomo wazi, machozi yanakimbia chini ya miwani. Filamu haina sauti. Mama mmoja akasema, "Maskini, analia." Mwingine akasema, "Wamemlazimisha."

Mwanangu Faizal, babake Farhana, ambaye mnamfahamu kwa duka lake la vyombo kule Ntinda, alisimama gizani. Aliuliza mbele ya wote, "Mama, mtoto wangu analia?"

Rimoti ilikuwa mkononi mwangu. Farhana alikuwa amekwisha kunisimulia kila kitu siku ile ile aliyoruka: alicheka mpaka upepo ukamwingia mdomoni, akashindwa kuufunga, na machozi yalikuwa ya baridi. Nilijua. Wanachama wote walijua. Lakini wateja walikuwa wanatucheka, jina letu lilikuwa linaanguka bila mwavuli, na mimi nikamjibu mwanangu kwa maneno ya kibao. Nikasema, "Baba, picha zetu hazidanganyi."

Wenzangu kumi na mmoja walikuwa wamekaa safu ya mbele, hakuna aliyenipinga. Ndiyo maana tunasema sisi. Mdomo ulikuwa wangu, kimya kilikuwa chetu.

Farhana alikuwa mlangoni amesimama na sinia la sambusa. Aliniangalia tu. Siku ya pili babake akamwachisha shule yako. Sasa yuko dukani Ntinda, anauza sufuria. Hajagombana na mtu. Ila ndege ikipita juu, mteja hungoja.

Na wewe Kapteni, taa zilipowashwa, hukutukaripia. Ulinijia taratibu, kwa kuwa unajua ugonjwa wangu wa vitendawili, ukaniinamia, ukasema, "Bibi, kitendawili." Nikasema tega, kwa mazoea. Ukasema, "Walipanda watu wanne, likashuka sikio moja." Ukangoja. Sikukupa jibu. Wala sikukupa mji, kama inavyompasa aliyeshindwa. Nilikunja waya wa projekta nikajifanya sisikii. Tangu nijue kusema, ndiyo mara ya kwanza kukimbia kitendawili.

TULIYOFANYA BAADA YA HAPO

Tuliifungua tena ile kamba ya mfuko. Tulimwomba Huguette atufundishe, naye hakutulipiza hata neno moja. Tulitandika mikeka hapa uani, wanne wetu tukalala kifudifudi tumeshikana mikono, kofia za pikipiki kichwani, Huguette akapanda juu ya meza akatuinamia na kamera, umbali ule ule wa angani. Mnaochungulia uzioni mnakumbuka, maana mmoja wenu alituuliza, "Bajjajja, mabibi, mnaogelea kwenda wapi?" Tukamjibu, Entebbe.

Tulijaribu lenzi tatu. Ile ndefu ilitoa kisigino cha mwenzetu Kavugho, hakuna zaidi. Tukaazima nyingine pana kupita kiasi, inayoona kama jicho la samaki: ilituchukua wote, lakini ardhi ikawa mviringo kama chungwa na sisi tukawa ukwaju, tumejikunja. Tukaiacha. Lenzi yako, Kapteni, ilitutoa wanne wazima, mikono imeshikana, na nafasi ikabaki pembeni ya kuona uwanja. Ni nyepesi, haina bomba la kutoka na kuingia, Huguette anaipanga mara moja na kuibana kwa utepe ili upepo usiiguse. Katikati mtu anakuja sawasawa. Wa pembeni kabisa ndiye anavutika kidogo, na wa pembeni alikuwa Kaltumi. Tulimwonyesha tukiwa na hofu. Aliitazama ile pua, akasema, "Wacheni. Pua yangu iende, mtoto arudi."

Tulijifunza pia kwamba tuliipima vibaya tangu mwanzo. Tuliisogeza puani mwa mtu kama tunamlisha. Lenzi pana si ya puani; inataka urefu wa mikono iliyonyooshwa. Huo ndio urefu wenyewe wa duara lenu.

MAOMBI

Mgeni rasmi, hatuombi kamera. Hatuombi jengo wala kibao kipya.

Tulikualika kwa jina la sherehe ya kikundi, na keki mnaiona. Lakini tulimwalika pia mwanangu Faizal, akaja kwa heshima ya mama yake, naye yuko pale, safu ya tatu, ameweka kofia yake magotini. Tunataka asikie mbele ya watu walewale, kwa sababu uongo uliosemwa hadharani haurekebishwi jikoni.

Baba Farhana, mwanangu. Mtoto hakuwa akilia. Picha yetu ilidanganya, na mama yako akaisaidia. Tulileta uso wake karibu mno, tukakata mikono iliyomshika. Kapteni alikuwa amemshika mkono wa kulia. Hukuuona kwa sababu yetu. Ukimkataza tena baada ya kuona vizuri, wewe ni baba, hatutafungua mdomo. Ila usimkataze kwa sababu ya picha yetu.

Na kwako, Kapteni, tunaomba uruke tena. Duara lile lile, watu wale wale, kama baba yake ataridhia. Huguette avae lenzi yako. Sisi tutakuwa chini uwanjani na mikeka yetu, hatutagusa kitu. Filamu itaonyeshwa ukumbini mara moja tu, na rimoti ashike Faizal.

Tunajua hatustahili. Mlezi akimwangusha mtoto wa watu, hapewi tena siku ya pili. Tunaomba hivyo hivyo.

HITIMISHO

Kapteni, tumechelewa lakini tumefika. Ulitutegea, tukashindwa, na anayeshindwa hutoa mji. Tumekaa kikao, tukabishana tukupe upi. Wa kutoka Kongo walitaka kukupa Goma. Tukasema hapana, usimpe mtu mji ambao si wa kwako. Kampala yote umeshaiona kutoka juu, haitakuwa zawadi. Basi tunakupa Kalerwe: nyanya zake, matope yake, kelele zake, na aibu ya kina mama kumi na wawili ndani yake. Ichukue.

Mungu akulinde unapopanda, akulinde zaidi unaposhuka, na mwavuli wako usikunyime hata siku moja.

Sasa mji umeupokea. Kanuni unaijua, jibu ni lako kutoa. Walipanda watu wanne. Tushushie wanne.

Ni sisi,
Kikundi cha Mama wa Picha, Kalerwe